Mlango Namba Ishirini na Mbili

Wanangu mnaoanza kazi ya kutunza seva, wacha nianze na aibu yangu kubwa. Nikishaitoa hiyo, mengine mtayasikiliza mkijua mnaongea na mtu wa aina gani.

Siku moja niliifunga seva ya kituo cha afya cha Tarakea nikiwa nimekaa Moshi mjini, kikombe cha chai kikiwa bado cha moto. Sikuizima. Iliendelea kuunguruma huko kwenye kabati lake, ina afya njema kabisa. Ila hakuna binadamu aliyeweza kuingia, mimi niliyeifunga nikiwa wa kwanza kubaki nje.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Mama Manka, nimeolewa Uru, na karibu miaka yangu yote ya kazi niliifanya katika hospitali moja ya mjini iliyokuwa na vituo vidogo huku na huku mlimani. Kila kituo kilikuwa na seva yake, kompyuta isiyo hata na kioo, iliyobeba mafaili ya wagonjwa. Hatukuwa na nafasi ya kupanda mlima kila kitu kinapokwama, kwa hiyo tuliingia kwa mbali. Unafungua dirisha jeusi kwenye kompyuta yako, unaandika jina la seva, nayo inakuuliza wewe ni nani. Ukikubalika, unaandika amri ukiwa Moshi na inatendeka Tarakea. Njia hiyo ndiyo SSH, na kwa kawaida hupita kwenye mlango namba ishirini na mbili. Seva ina milango maelfu ya namna hiyo, kila huduma na namba yake, na kuna ukuta wa kinga unaoamua upi uwe wazi na upi ufungwe.

Siku hiyo nilikuwa naujenga upya ukuta wa Tarakea. Nilikuwa na amri mbili. Ya kwanza: funga milango yote. Ya pili: fungua ile tunayoitumia. Nikaandika ya kwanza, nikabonyeza, nikaanza kuandika ya pili. Herufi hazikutokea. Nikabonyeza tena. Kimya. Nikapiga kile kitufe kama mtu anayebisha hodi kwa jirani, na ndipo nilipoelewa. Seva ilikuwa imetii amri ya kwanza kwa moyo wote, na hiyo ya pili haikuwa na pa kupita.

Baada ya muda simu ikalia. Alikuwa nesi Prisila wa Tarakea, mama mmoja mtaratibu ambaye hata akiungua na chai hasemi kwa sauti.

"Mama Manka, habari za huko. Samahani kukusumbua. Mafaili hayafunguki."

"Yote?"

"Yote. Na leo ni siku ya soko, watu wamejaa mpaka nje."

Bosi wangu, Bwana Elieneza, alikuwa meza ya pili, amenipa mgongo. Ilinitosha kugeuka na kusema, "Bosi, nimejifungia nje." Maneno matatu. Badala yake nikasema, "Naenda Tarakea mara moja, kuna nyaya nataka kuzikagua." Akasema safari njema bila kugeuka. Nikachukua gari la hospitali na dereva, tukashika barabara ya Himo, tukapandisha Rombo. Mvua ilikuwa inanyesha, migomba imeinama pande zote mbili, na mimi njia nzima natunga uongo kuhusu nyaya.

Nilipofika, watu wamekaa kwenye mabenchi wakingoja, na nesi Prisila anaandika kwenye daftari kama zamani. Wengi aliweza kuwahudumia hivyo. Mmoja hakuweza. Alikuwa mzee anaitwa Melkiori, ana kisukari, na kipimo chake cha dawa kilikuwa kimebadilishwa wiki iliyopita. Kipimo kipya kilikuwa ndani ya seva. Prisila alikataa kukisia, na alikuwa na haki. Basi yule mzee alikaa pale tangu asubuhi, kofia magotini, hajala kitu kwa sababu aliambiwa asile kabla ya dawa.

"Shikamoo, baba," nikamwambia.

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, baba."

"Ndiye uliyezifungia dawa zangu?"

Kabla sijajibu, simu ya Prisila ikalia, akasikiliza, akanipa. Alikuwa Bwana Elieneza.

"Mama Manka, umefika?"

"Nimefika, bosi."

"Zile amri za ukuta ulizihifadhi, au uliziandika tu?"

Kumbe alijua. Kituo kilipiga simu ofisini mara tu nilipoondoka, na kwake haikuwa kitendawili; simu yangu tu ndiyo haikupatikana njiani.

"Niliziandika tu, bosi. Sikuhifadhi."

"Basi mwambie nesi aizime ile mashine na kuiwasha. Ikiamka itakuwa imesahau amri hizo zote. Hilo ungemwambia kwa simu ukiwa hapa, na chai yako ungeimaliza."

Nilimwambia Prisila mwenyewe abonyeze. Aliogopa, kwa sababu mimi ndiye niliyemkataza kugusa mashine ile hata kwa kitambaa cha vumbi. Akabonyeza kwa ncha ya kidole. Tukangoja kidogo, mafaili yakafunguka, Mzee Melkiori akapata kipimo chake, akapata na dawa yake, na mimi nikatoka kumtafutia chakula sokoni. Alikula ndizi zote nilizomletea mbele yangu. Alipomaliza akafuta mdomo, akanishukuru kwa Kichagga, "Aika, mae. Siku nyingine ukifunga, uniambie mapema, nije nimeshiba."

Watu walicheka, nami nikacheka, lakini moyoni nilikuwa sicheki. Mzee wa watu alikaa na njaa saa zile zote kwa ajili ya haya yangu. Kosa la amri lingemchelewesha kwa dakika kumi. Saa nyingine zote zilikuwa za kuficha.

Nilirudi Moshi nikitegemea kufokewa. Bwana Elieneza alinisogezea kiti karibu na chake. "Tazama," akasema, akanionyesha kitu ninachowapa na ninyi leo. Kabla hujagusa ukuta wa seva iliyo mbali, iwekee kengele: iagize kwamba baada ya dakika kumi irudishe ukuta wa zamani yenyewe. Mambo yakienda sawa, unaifuta hiyo kengele. Ukijifungia nje, unakaa, unakunywa chai, dakika kumi zikiisha mlango unafunguka. Nimeitumia mbinu hiyo mpaka nastaafu, na iliniokoa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Na ukibadilisha mipangilio ya SSH yenyewe, usilifunge dirisha ulilo nalo. Liache wazi, ufungue la pili uone kama unaingia. Ukikataliwa kwenye la pili, bado uko ndani kwenye la kwanza, unarekebisha. Nimeona vijana wenye shahada nzuri wanafunga dirisha kwanza halafu ndipo wanajaribu. Sijui ni haraka ya nini.

Huyo Elieneza alikuwa mtu wa Marangu, mzee wa kanisa, mwembamba, anavaa sweta hata mwezi wa Februari. Alianzia kwenye mitambo ya simu na kompyuta alijifunzia ukubwani. Hakupenda kuhutubia. Alipenda ujionee.

Nilipoajiriwa, hatukuwa tunatumia SSH. Tulitumia njia ya zamani, ambayo ilipeleka kila kitu wazi wazi kwenye waya, nenosiri lako likiwamo. Mimi hilo sikulijua. Nikaona nina nenosiri zuri sana ambalo hakuna mtu angelikisia. Siku ya tatu au ya nne tuko kwenye chai, Bwana Elieneza akamgeukia mama mpishi mbele ya watu wote, akasema, "Mama, huyu binti mgeni kesho umpikie kitawa. Anakipenda mno. Anakipenda mara mbili."

Nikaliweka andazi langu chini. Nenosiri langu lilikuwa jina la chakula hicho chetu cha ndizi na maziwa: *kitawa2*.

"Umejuaje, baba?"

"Ulikuwa unalitaja kila asubuhi. Mimi nilikuwa nasikiliza tu."

Akanipeleka mezani kwake, akanionyesha jinsi programu ndogo iliyokaa kwenye mtandao uleule inavyoona kila herufi inayopita: k, i, t, a, w, a, na ile mbili. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa akioga akidhani kuna pazia. Wiki ileile tukaanza kuhamia SSH, ambayo hufunga maneno yako kabla hayajatoka kwenye kompyuta, anayesikiliza njiani akapata takataka tupu. Tulihama kituo kimoja kimoja, na kitawa nilipikiwa kweli. Kilikuwa kitamu, nikarudia bakuli.

Lakini msidhani kufunga maneno kunatosha. Himo ilinifundisha hilo.

Himo ni njia panda, magari yanapita kwenda Marangu, yanapita kwenda mpakani, na kila mpita njia anakutazama. Seva yetu ya Himo ilikuwa hivyohivyo mtandaoni. Bwana Elieneza alinifungulia siku moja daftari la seva, ambamo inaandika kila anayebisha. Nilidhani nitaona majina yetu sisi mafundi wanne tu. Niliona mistari inashuka kama mvua. Mtu, au mashine ya mtu, kutoka nchi nisizozijua, anajaribu jina hili na nenosiri hili, akishindwa anajaribu jingine, bila kupumzika.

"Wanatutafuta sisi?" nikauliza.

"Hawatujui hata kidogo. Wanapita wanatikisa kila kitasa duniani. Kazi yetu ni kitasa chetu kisiachie."

Chetu kiliachia, na aliyekilegeza ni mimi. Nilikuwa nimefungua akaunti ya kujaribia mambo, nikaipa jina *jaribu* na nenosiri *jaribu*, nikasema nitaifuta mchana. Mchana nikala mtori, nikasahau. Wiki mbili baadaye mtu wa mapokezi wa Himo akatupigia kwamba ile kompyuta inapiga kelele kama mashine ya kukoboa. Tulipoingia tulikuta mgeni ameshajikaribisha. Alikuwa anaitumia seva yetu kutikisa vitasa vya watu wengine.

Safari hii nilikuwa nimejifunza. Niligeuka palepale. "Bosi, ni akaunti yangu. Sikuifuta."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea kitu alichokuwa akikingoja. "Vizuri," akasema. "Tuondoe waya kwanza."

Mimi nilitaka kufuta akaunti, kubadilisha nenosiri, na kuendelea na maisha. Alikataa. Mtu akishakaa ndani ya nyumba yako wiki nzima, hujui amechonga funguo ngapi wala amejificha uvunguni mwa kitanda gani. Tulikagua kama mafaili ya wagonjwa yalichukuliwa. Hatukuona dalili, na hata hivyo tuliuandikia uongozi kila kitu tulichokijua na tusichokijua. Kisha tukaifuta seva nzima, tukaijenga upya kutoka kwenye nakala ya kabla ya siku niliyofungua akaunti ile. Ilituchukua siku mbili. Wakati tunaijenga, alinifundisha funguo.

Sikilizeni, maana hapa ndipo wengi huvurugikiwa. Unatengeneza funguo mbili zinazoendana. Mmoja ni wa siri, unakaa kwenye kompyuta yako na hautoki. Mwingine ni wa wazi, unauweka kwenye seva. Seva ikiona anayebisha ana mwenzake wa siri, inafungua. Hakuna nenosiri linalosafiri, kwa hiyo hakuna la kukisia. Ukishahakikisha funguo zinafanya kazi, unaiambia seva ikatae nenosiri kabisa, na imkatae yule mkubwa wa seva, root, asiingie moja kwa moja hata akiwa nani. Ingia kwa jina lako, kisha omba mamlaka ya amri unayoihitaji. Hapo daftari litaonyesha nani alifanya nini, na hamtagombana.

Na ule wa siri uufunge kwa fungu la maneno marefu. Msiupitishe kwa WhatsApp. Msicheke, nimeyaona hayo. Kijana mmoja alimtumia mwenzake ufunguo wake wa siri kwenye kundi la kuratibu kipaimara, kwa kukosea kundi. Mama zake wadogo wote wakaupokea. Mmoja akajibu "Amina".

Msaidizi wangu, Upendo, nilimpata miaka ya mwisho ya kazi. Ni binti wa Himo, alitoka chuo moja kwa moja, anaongea haraka, Kiingereza na maneno ya Dar yamejaa mdomoni, lakini mkono wake kwenye kibodi ni mtulivu. Wiki yake ya kwanza nilimwachia aingie seva ya Marangu. Mara akaita.

"Mama, njoo uone hii. Imeniandikia herufi kubwa kama ya kutisha."

Lilikuwa lile onyo ambalo SSH hutoa ikiona seva unayoingia haina alama za vidole ilizozoea. Maana yake ama seva imebadilishwa, ama kuna mtu amejiweka katikati anajifanya ndiye. Mimi enzi zangu niliona onyo lile nikalifuta nikaendelea, maana nilikuwa na haraka. Upendo alikuwa ameondoa mikono kwenye kibodi na kuikalia.

"Utafanyaje?" nikamuuliza.

"Siingii mpaka nijue."

Alipiga simu Marangu. Kumbe fundi alikuwa amebadilisha mashine iliyoharibika na hakumwambia mtu. Hata hapo hakuridhika. Alimwomba yule fundi akae mbele ya mashine yenyewe, amsomee alama za vidole herufi moja moja, huku yeye analinganisha na alichokiona. Walichukua muda mrefu, "P ya Petro", "B ya Babati", mpaka mwisho. Zilipolingana ndipo akaingia. Siku hiyo nilirudi Uru nikamwambia mume wangu kwamba naweza kustaafu.

Nikastaafu, seva zote nikamwachia Upendo. Waliniaga vizuri, wakanipa vitenge na saa ya ukutani, nami nikarudi kihambani, shamba letu la nyumbani, kwenye ng'ombe wangu wawili na kahawa yangu.

Sasa nitawaambia jambo ambalo sijawahi kulisimulia. Wiki ya sita baada ya kustaafu, asubuhi, nimeshakamua, wajukuu wameenda shule, nyumba kimya. Nikakaa mezani na kompyuta yangu, ile niliyofanyia kazi nikiwa nyumbani na ambayo sasa wajukuu huangalia katuni, ufunguo wangu wa siri ukiwa bado ndani yake. Nilikuwa na upweke ambao sikuutegemea. Mikono ikafungua dirisha jeusi yenyewe, ikaandika jina la seva kuu ya hospitali, nikaandika fungu langu la maneno.

Ikafunguka. Ikanikaribisha kwa jina.

Siwafichi, nilifurahi. Nilifurahi kama mtu aliyepita karibu na nyumba aliyozaliwa akakuta taa inawaka. Nikatazama orodha ya mafaili, nikaona kila kitu kiko pale nilipokiacha. Kisha furaha ikakatika ghafla. Mtu asiye mfanyakazi yuko jikoni kwake Uru, kwenye kompyuta ya katuni, na mbele yake kuna mafaili ya wagonjwa wa mlima mzima.

Nikampigia Upendo.

"Shikamoo, mama! Za masiku?"

"Marahaba. Upendo, niko ndani ya seva kuu."

Akajibu kwa sauti ndogo. "Najua, mama. Yaani najua kwamba ufunguo wako upo."

"Mbona hukuufuta?"

"Niliufungua kama mara tatu hivi niufute. Nikashindwa. Wewe ndiye uliyenifundisha kila kitu. Nikaona ni kama nakufukuza."

Mimi ni mama wa Kichagga, naelewa. Binti hawezi kuamka tu akamtoa mama yake nyumbani. Kwa dakika hiyo sikujua nicheke au nimkaripie. Nikakumbuka vijiji vyote vile, watu ambao majina na magonjwa yao yamo mle, ambao hawajui kama Mama Manka yupo duniani.

"Ufute," nikasema.

"Nitaufuta leo, mama."

"Sasa hivi. Nikiwa hewani."

Nikasikia vidole vyake. "Nimeufuta."

"Na mimi?"

"Umetoka, si ndiyo?"

"Bado niko ndani, Upendo. Natazama mafaili yako. Ukiondoa ufunguo unamzuia anayekuja, aliyekwishaingia humtoi. Tazama orodha ya walioko ndani."

Akatazama. "Nakuona. Jina lako hili hapa, limekaa tangu saa mbili na nusu." Akavuta pumzi. "Mama, si utoke tu mwenyewe?"

"Mwizi atatoka mwenyewe?"

Ng'ombe mmoja alilia nje. Nilikuwa nimeweka mikono magotini, nasubiri, na nakiri roho ilikuwa inaniuma, maana nilijua akishabonyeza ndiyo basi.

"Samahani, mama," akasema.

Dirisha likaganda, kisha ukatokea mstari mmoja kwamba muunganiko umekatwa na upande wa pili. Nikajaribu kuingia tena, kwa bidii, kama ningekuwa adui. Nikakataliwa. Nikajaribu Tarakea, nikajaribu Himo, nikajaribu Marangu. Kote alikuwa ameshapita, haraka kuliko mimi.

"Mama? Bado upo?"

"Nipo. Nimejaribu kote."

"Na?"

"Hakuna hata dirisha uliloniachia."

Nikamsikia anacheka huku analia, nami vilevile, simu imelowa. Kisha, bila mimi kumwambia, akaniuliza swali ambalo lilinifanya nisimame kabisa pale mezani.

"Mama, wakati ule ulipokuwa ndani, ulifungua faili la mgonjwa yeyote? Lazima niandike ripoti."

"Niliona orodha ya majina. Sikufungua hata moja."

"Daftari litaniambia hivyohivyo?"

"Liulize."

Akaniambia nisikate. Nikasikia akiandika, akisoma, akiandika tena. Nilisimama jikoni kwangu nikisubiri aliyekuwa mwanafunzi wangu anikague, na sijawahi kusubiri jambo kwa raha namna ile.

"Sawa," akasema. "Uko safi. Nakuandika kwa jina kamili, mama."

"Andika," nikamwambia. "Na usisahau kuandika kwamba ulichelewa wiki sita."